Zamu ya Kusikiliza Debe

Debe lililia mara tatu gizani, ti, ti, ti, kisha likanyamaza.

Kavutha alilisikia akiwa bado katikati ya usingizi, mkono wake juu ya mgongo wa Celine, akangoja tone la nne. Halikuja. Alinyoosha mguu upande wa mumewe akakuta blanketi tupu. Baada ya muda mlango wa bati ulisukumwa polepole, Muthama akaingia, akavua koti na kujipenyeza kitandani. Miguu yake ilikuwa baridi kama sakafu.

"Nimesikia debe," Kavutha alisema.

"Ni paka. Alikuwa hapo kwa takataka."

"Kwa hivyo maji haijakuja?"

"Nimetoka choo sasa hivi. Bomba imenyamaza. Si leo ni zamu ya Mama Roy? Ikikuja atagonga. Lala, ulichelewa sana na hayo maharagwe."

Akalala. Alikuwa amechambua maharagwe hadi saa sita za usiku, kokoto upande huu, maharagwe upande ule, na kama kulikuwa na mtu mmoja katika ploti ile ambaye angemwachia masikio yake, basi alikuwa Mbithe, Mama Roy.

Ploti ya Mama Nailantei ilikuwa na vyumba vinane vinavyotazamana, vinne huku na vinne kule, na bomba moja katikati. Maji matamu ya kisima kirefu yaliletwa kwenye laini yao Jumatano na Jumamosi, wakati wowote kati ya saa nane na saa kumi na moja kabla ya mapambazuko, kutegemea yule wa pampu ameamka vipi. Yalitoka kama saa moja hivi, kisha yakakatika mpaka siku nyingine. Kwa hiyo wanawake waliacha bomba wazi usiku kucha na kuweka debe la mafuta chini yake, limefunikwa kifudifudi, ili tone la kwanza lipige bati na kulia. Kila usiku wa maji mmoja wao alikuwa na zamu ya kulisikiliza. Akisikia, anagonga milango yote kabla ya kujaza hata kikombe chake. Hakuna aliyeandika sheria hiyo mahali popote, wala hakuna aliyewahi kuivunja.

Na Jumamosi hii Kavutha aliyahitaji maji hayo kuliko mtu yeyote. Kwenye barabara ya kwenda Isinya palikuwa na mjengo wa gorofa mbili, na fundi mkuu, Katoo, alikuwa amempa wiki moja ya kuwapikia mafundi, kumjaribu. Akipita, kazi ingekuwa yake mpaka jengo liishe, miezi saba au minane. Siku tano zilikuwa zimekwenda vizuri. Leo ilikuwa ya sita, siku ya kumwaga slabu, zege la sakafu ya juu, na siku ya slabu watu hawawi ishirini, huwa arobaini.

Muthama naye alikuwa ameweka sharti lake. Jumapili iliyopita, wakitoka kanisani, alisema mama yake huko Makueni amezeeka na shamba limekuwa kichaka. "Ukipata hiyo kazi, mnabaki hapa," alisema. "Ukikosa, mwisho wa mwezi wewe na Celine mnaenda nyumbani kwa Mama. Mimi nitatafuta kitanda na vijana tunaofanya nao kazi godauni." Kavutha alimpa mkono wakacheka, kama watu wawili waliokubaliana bei ya mbuzi. Alijua angeshinda. Mwaka huo ndio shule za msingi zilikuwa zimeanza kuwa za bure, na alikuwa ameshaenda mara mbili kusimama nje ya ua wa shule ya pale Kitengela, akihesabu madirisha, akijiuliza ni lipi ambalo Celine angekaa karibu nalo Januari.

*

Aliamka saa kumi na mbili kasoro, mwanga ukiwa umeshaanza kupita juu ya mlango. Hakuna aliyegonga. Alitoka nje na leso begani, akamkuta Kalekye wa nyumba namba tano ameinama kwenye bomba kama mtu anayetafuta sindano.

"Mama Celine, kuja uone maajabu."

Juu ya kitako cha debe palikuwa na maji, kiasi cha kujaza kiganja. Kalekye akashika mkono wa bomba, akauzungusha. Ulikuwa umefungwa. Umekazwa kabisa. Alipoufungua, bomba likakohoa hewa, likatoa uzi mwembamba wa maji, likaisha.

"Imekuja," Kalekye akasema. "Imekuja, na mtu akaifunga."

Ng'ambo ya ukuta, katika ploti ya jirani, walisikia wanawake wakicheka na maji yakimiminwa kutoka beseni hadi beseni. Kamba zao zilikuwa tayari na mashuka. Milango ya huku ikaanza kufunguka mmoja mmoja, kila mtu na mtungi wake mtupu mkononi, na swali likawa moja.

"Zamu ilikuwa ya nani?"

"Ya Mama Roy."

"Yuko wapi?"

"Ameenda na lori la maua. Kufuli iko kwa mlango."

Mbithe alifanya kazi kwenye shamba la maua huko Isinya, akikata waridi, na lori lilimchukua barabarani saa kumi na moja na robo. Roy, kijana wake, alikuwa kwa nyanya yake tangu shule zifungwe. Kavutha aliitazama ile kufuli kana kwamba ingemjibu.

"Hawezi," alisema. "Mbithe hawezi."

"Mimi sijasema anaweza," Kalekye akajibu. Akavuka ua, akaweka viganja pembeni mwa macho, akachungulia dirishani ambapo pazia halikufika mwisho. Alikaa hivyo kwa muda. Aliporudi hakusema kwa sauti. "Mama Celine, kuna mitungi mitatu huko ndani. Imejaa mpaka kifuniko."

Kavutha naye akaenda akachungulia. Mitungi mitatu ya njano, imepangwa kando ya kitanda. Yeye na Mbithe walikuwa wamezalia watoto wao wadi moja. Roy alipougua kifua, Mbithe akiwa zamu shambani, ni Kavutha aliyembeba mgongoni hadi kliniki. Na wiki nzima Mbithe ndiye aliyekuwa akisema, "Wewe pika tu, mambo ya maji niachie mimi."

Muthama alitokea nyuma yake akifunga mshipi. Hakuwa na kazi Jumamosi. "Ni nini?" akauliza. Walipomwambia, alitikisa kichwa taratibu. "Watu," alisema. Kisha akamshika mkewe bega. "Usilie, mama. Wacha nikuitie mtu wa punda."

Wanawake wa ng'ambo ya ukuta walikuwa wameshatia maji yao yote kwenye nguo; wa ploti walimchangia Kavutha walichokuwa nacho, huyu jagi, yule nusu sufuria, na vyote pamoja vikatosha chai ya saa nne. Samuel, mwenye punda, alifika na mitungi kumi, akasimama kwanza kabla ya kuishusha.

"Mimi sikudanganyi, mama. Hii ni ya chumvi. Ni ya kuosha na ya ng'ombe."

"Ya tamu hakuna mahali?"

"Ya tamu leo imeenda kwa laini yenu. Si ni siku yenu?"

Mtu akacheka pale nyuma. Kavutha hakugeuka.

Kila mwanamke wa Kitengela anajua maji ya chumvi hayaivishi maharagwe. Unaweza kuyachemsha toka alfajiri mpaka watoto watoke shule, na bado yatakutazama na macho yao. Kavutha alijua. Lakini saa zilikuwa zikienda, na mjengo nao ulikuwa na maji hayo hayo ya chumvi, ya kuchanganyia simiti. Alinunua magadi ya kulainishia maharagwe kwenye duka la pembeni, vipande viwili, akihofia kwamba kimoja kisingetosha. Muthama alimsukumia mkokoteni hadi mjengoni, amevua koti, jasho likimtoka, na watu waliowapita njiani waliona mume anayempenda mkewe.

*

Ilipofika saa saba kasoro robo, mahindi aliyoyachanganya na maharagwe yalikuwa yamepasuka kidogo kwenye ncha na kukataa hapo hapo. Maharagwe yalikuwa yamebadilika rangi tu. Kavutha aliyafinya kijikoni, akatia magadi ya pili, supu ikawa ya kahawia na povu likapanda mpaka ukingo wa sufuria. Alionja. Ulimi ukateleza kama aliyelamba mche wa sabuni. Alitia kitunguu, alitia nyanya zote zilizobaki, alitia chumvi kwa mazoea kisha akakumbuka kwamba chumvi ilikuwamo tayari.

Juu, mnyororo wa watu ulikuwa ukipitishiana makarai ya zege toka saa moja asubuhi bila kusimama, maana slabu haingoji mtu. Katoo aliwagawa nusu kwa nusu ili wale kwa zamu. Alikuwa mrefu, mtu wa maneno machache, kofia ya plastiki imechoka kichwani. Nusu ya kwanza wakashuka, mikono ya kijivu hadi kwenye viwiko, wakapanga foleni wakisugua matumbo.

"Mama wa chakula, leo niongezee, nimebeba hiyo nyumba yote peke yangu."

Alipakua. Alipakua akiangalia kijiko, si nyuso. Wakatia mdomoni kwa njaa, halafu vijiko vikasimama kimoja baada ya kingine.

"Mathee," kijana mmoja wa kubeba kokoto akasema, "hii ni mahindi ya kula ama ya kupanda?"

"Wacha kuharibu," mwenzake akamjibu. "Peleka juu itiwe kwa slabu. Tutaokoa kokoto."

"Na supu tuoge nayo. Ina povu tayari."

Walicheka, na mwanzoni kilikuwa kicheko cha watani. Lakini njaa ilikuwa ya kweli, na mmoja, fundi wa makamo ambaye wiki nzima alikuwa amemwita binti yangu, akamwaga sahani yake taratibu kwenye rundo la mchanga, akaiweka chini, akaondoka. Baada yake wengine wakamwaga. Kavutha alisimama na kijiko mkononi akitazama punje zikitawanyika kwenye mchanga, nzima, moja moja.

Katoo alikuwa amekaa juu ya tofali na sahani yake. Alitafuna kijiko cha kwanza mpaka mwisho, akameza. Alitafuna cha pili. Kisha akamwita kijana akamtuma kwa Wanjira mwenye kibanda barabarani, alete chapati na maharagwe yote aliyo nayo, na kama hayatoshi alete mandazi.

"Ni maji, fundi," Kavutha alimwambia alipomkaribia. "Bomba lilifungwa. Nimepikia maji ya punda. Siku tano zote unaona vile nimepika."

"Najua ni maji. Kwangu nakunywa hiyo hiyo." Alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. "Mama, wiki yote umepika vizuri. Lakini mtu wa slabu hashibi sababu. Nikikupa kazi, na siku nyingine maji ikose tena, nitawaambia nini hawa?"

"Nitaweka drami ya maji. Nitaweka akiba."

"Wenye kujenga wanataka mtu ako na maji yake. Huyu Wanjira ako na tangi." Akaingiza mkono mfukoni, akamlipa siku tano, na ya sita pia, ingawa hakuwa amemdai. "Nisamehe."

Wanjira alifika na mabeseni mawili kichwani na mkononi, amekimbia mpaka pumzi imemwishia. Hakujua macho ayaweke wapi. "Mama Celine, wameniita tu," alisema. Kavutha akamsaidia kushusha beseni, kwa sababu lilikuwa zito, na kwa sababu mikono yake ilihitaji kitu cha kufanya.

*

Sufuria ilirudi nyumbani ikiwa nzito kuliko ilivyokwenda. Alipofika ploti alikuta mlango wake wazi, na ndani, Mama Nailantei mwenye nyumba akiwa na kijana na msichana mwenye mimba. Kijana alikuwa akipima ukuta kwa hatua za miguu, kisigino kwa kidole.

"Supa, Mama Celine," mama mwenye nyumba akasalimu kwa Kimaasai, shanga zikicheza masikioni.

"Ipa, Mama Nailantei."

"Hawa ni watu wa kuchukua nyumba. Nilitaka waone tu, hawatasumbua." Aliona uso wa Kavutha, akapunguza sauti. "Baba Celine aliniambia mnahama mwisho wa mwezi. Ama hamjaongea?"

"Alikuambia lini?"

"Jumatano. Alikuja kwangu jioni."

Msichana yule mwenye mimba alikuwa ameweka kiganja kwenye kitanda cha Kavutha, akikibonyeza kidogo kujua kama kingeweza kupita mlangoni. Akauondoa mkono haraka. Wakaaga, wakaondoka.

Muthama alikuwa nje akigongelea mguu wa stuli. Kavutha akasimama mbele yake na kile kijiko kikubwa bado mkononi.

"Jumatano nilikuwa nimepika siku tatu," alisema. "Jumatano Katoo alisema kazi ni kama nimeipata. Nilikuja nikakuambia. Ukatoka hapa ukaenda kumwambia mwenye nyumba tunahama?"

"Nilikuwa namdokezea tu. Notisi ni lazima mtu atoe mapema. Ungepata, ningerudi nimwambie basi."

"Ungemwambia basi."

"Kavutha." Alisema jina lake polepole, macho kwenye msumari. "Mimi na wewe tulipeana mkono. Nani alikuharibia, ni mimi? Aliyekuharibia ni yule alifunga bomba akajaza yake. Usigeuze hasira ukaniletea mimi."

Akapiga msumari mara mbili, akajaribu stuli kwa mkono, ikasimama vizuri. Kavutha akaingia ndani. Alitaka kulia, lakini Celine alikuwa pale, amekaa miguu upande juu ya mkeka, akimtazama. Mtoto aliuliza kama sasa wataenda kwa susu, nyanya yake wa Makueni, kwa basi ama kwa miguu.

"Tutaona," Kavutha alimjibu.

"Huko kuna Roy?"

"Hapana. Roy hayuko huko."

Nje, sauti ya Muthama ilisema anaenda dukani kununua mafuta ya taa. Celine akachukua brashi na kopo la rangi ya viatu, kwa sababu ilikuwa Jumamosi jioni na hiyo ndiyo kazi yake, viatu vya kanisani. "Na vya Baba?" akauliza, akiinama chini ya kitanda.

"Na vya Baba," mama yake akasema, bila kusikiliza.

*

Mbithe alifika saa kumi na mbili jioni, buti za shamba mkononi, amevaa malapa, harufu ya dawa ya maua ikimtangulia. Alikuwa na waridi tano zilizovunjika shingo, zile ambazo wasimamizi huwaachia wafanyakazi. Wanawake walikuwa wamekaa ukutani wakichambua mboga. Hakuna aliyeitikia salamu yake. Alidhani hawakusikia.

"Mama Celine, iliiva?" aliita akicheka kutoka uani. "Niambie umepita. Na uniletee ufunguo wangu niingie, miguu imekufa."

Kavutha akatoka, akasimama mlangoni kwake.

"Ufunguo gani?"

"Wa nyumba, jamani. Ule nilikuachia." Alitoa waridi mbele. "Chukua hizi kwanza."

"Mitungi mitatu, Mbithe," Kavutha alisema. "Ungenigongea tu. Ungejaza yako ishirini, mimi nikajaza mbili. Hata moja. Watu wamemwaga chakula yangu kwa mchanga nikiangalia."

Mbithe aliwatazama wale wengine, kisha bomba, kisha dirisha lake. Mkono wenye waridi ukashuka.

"Hiyo maji ni ya Jumatano," alisema. "Ni yako. Niliiweka sikuoga nayo, nikasema slabu inaweza kuingiliana na siku maji haikuji. Si nilikuachia ufunguo uichukue?"

"Ufunguo umepotea ghafla," Kalekye akasema, macho kwenye majani ya sukuma. "Na bomba ilijifunga."

"Nani alifunga bomba?"

"Si zamu ilikuwa yako, wewe ndio utuambie."

"Nilikaa kwa stuli mpaka saa tisa," Mbithe alisema. Alikuwa akiongea na Kavutha peke yake sasa. "Halafu baridi ikanishinda nikaingia kwa blanketi, lakini sikulala. Nikasikia debe mara tatu. Nikauliza kwa dirisha, nani? Baba Celine akasema ni yeye, ametoka choo amegonga debe na mguu. Nikangoja tena. Haikulia. Saa kumi na moja nikitoka nikampata kwa mlango wenu anapiga mswaki. Nikamwambia, maji haijakuja, amsha Mama Celine achukue yangu. Akasema umechelewa kulala, nimwachie ufunguo, atakuambia. Nikampatia kwa mkono wake."

Muthama alikuwa ameingia langoni na chupa ya mafuta ya taa. Alikuta uso wa kila mtu umemgeukia.

"Baba Celine," Mbithe akasema, bila ukali. "Waambie."

Alichukua muda kuweka chupa chini, akaiegemeza vizuri ukutani isianguke. "Mama Roy, wewe ni kama dada yangu," alisema. "Sitaki tukosane. Lakini mimi sijui ufunguo wowote. Labda ulimpatia mtu mwingine kwa giza."

"Kwa giza," Mbithe akarudia.

"Na usiku sikugonga debe. Nilienda choo nikarudi."

Wanawake wakaguna. Muthama alikuwa mtu wa kanisa, hanywi, hapigi kelele. Mbithe alikuwa mwanamke anayekaa peke yake na mtoto. Haikuwachukua muda kuchagua.

Lakini Kavutha alikuwa amesimama na kitu kidogo kikimkwaruza. Kwake alikuwa amesema ni paka. Kwa Mbithe, ati alisema ni mguu. Sasa anasema hapakuwa na chochote. Aliikumbuka ile miguu ya baridi chini ya blanketi, na alivyoambiwa lala, ulichelewa sana. Alimtazama mumewe, na mumewe akamtazama kwa upole ule ule wa asubuhi, upole wa kusukuma mkokoteni. Watu walikuwa wakingoja. Mtu hawezi kumvua mume wake nguo mbele ya ploti nzima kwa ajili ya paka.

"Mume wangu amesema hajui," alisema hatimaye, na sauti yake ikamtoka ngumu kuliko alivyotaka. "Nilikuwa nakuona kama mtu wangu. Roy akirudi, asiingie kwangu."

Mbithe akaenda akaketi kwenye ngazi ya mlango wake uliofungwa, buti pembeni, akaweka zile waridi mapajani na kuanza kuzitoa miiba kwa kucha, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba hiyo ndiyo kazi aliyokuja kufanya. Kalekye akarudia mboga zake. Muthama akainama kuchukua chupa ya mafuta ya taa.

Celine alitoka ndani wakati huo, amepakaa rangi nyeusi mpaka kidevuni, ameshika kiatu kimoja cha kanisani kwa mikono yote miwili kama mtu aliyebeba bakuli la uji. Alipita kando ya baba yake. Alipita kando ya mama yake. Akasimama katikati ya ua, karibu na bomba, akakiinamisha kiatu, na kitu kikaanguka juu ya kitako cha debe kikalia mara moja: ufunguo mdogo uliofungwa kwa uzi mwekundu, uzi ambao kila mtoto wa ploti ile aliujua.

"Mama, huu ufunguo wa Mama Roy ulikuwa ndani ya kiatu cha Baba."